Usiulize, Mimina

Barua ilinifikia Kitendaguro mwezi wa senene. Ilikuwa imezungukia kwanza zahanati, kisha ofisi ya kijiji, kisha kwa mwalimu mmoja aliyekumbuka kwamba Adventina, mkalimani wa zamani, ndiye Mwalimu Adventina mstaafu anayefuga ng'ombe mmoja nyuma ya nyumba. Iliandikwa kwa Kiingereza na binti wa kaka yake Sista Inge. Alisema shangazi yake amefariki usingizini katika nyumba ya wazee huko kwao Uswidi, na kwamba katika vitu vyake vichache walikuta daftari la jalada jeusi, lote limejaa habari za mwaka mmoja wa Tanzania. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na maneno mawili ya Kiswahili ambayo familia haikuyaelewa hata ilipoyatafuta kwenye kamusi: Usiulize, mimina. Aliuliza kama ni methali, na kama bado yupo mtu huku anayemkumbuka shangazi. Niliisoma nimesimama, ndoo ya maziwa mkononi, nikaiweka ndoo chini nikaketi juu ya jiwe la kufulia. Watu wa umri wangu tumezoea habari za vifo, tunazipokea kama habari za mvua. Hii sikuweza kuipokea hivyo. Maneno yale mawili niliyasema mimi, naye akayaandika mbele yangu mezani, na kama ningeongeza maneno mengine kumi baadaye kuna mtu ambaye leo angekuwa bibi mwenye wajukuu.

Wazazi wangu na nilikozaliwa sina haja navyo hapa. Mwaka ninaousema ni mmoja tu, ule wa vijiji vya ujamaa, wakati kila mtu alikuwa ndugu na kila kazi ilikuwa ya pamoja, na sisi Wahaya tukinung'unika chinichini kwamba mgomba hauhamishwi kama kuku. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nilikuwa nimetoka shule ya wasichana na Kiingereza changu nakitembeza kama kiatu kipya cha Jumapili. Zahanati moja ya misheni upande wa Kamachumu ilikuwa imeletewa mkunga Mswidi aliyejua Kiswahili cha miezi mitatu, na Kihaya hajui hata neno moja, wakanichukua niwe mdomo wake na sikio lake. Nilipewa chumba cha nyuma katika nyumba yake. Nyumba yenyewe naiona hadi leo: sakafu ya saruji iliyopakwa rangi nyekundu na kusuguliwa mpaka unajiona, jiko la kuni la chuma, dirisha moja pana linalotazama migomba, na kila Jumamosi harufu ya mkate. Asubuhi alichemsha kahawa akainywa nyeusi. Mimi nilikulia katikati ya mibuni, lakini kwetu kahawa tuliitafuna, iliyochemshwa na kukaushwa, mgeni anawekewa kikapu kidogo mbele yake kabla hajaulizwa habari. Mara ya kwanza kumwona mtu akiinywa bila maziwa wala sukari nilidhani anajitibu.

Siku za mwanzo watu walikuja kumsalimu, hasa akina mama. Walipiga magoti mlangoni wakasema kasinge waitu, wakaketi, nao wakangoja. Sista Inge aliwauliza kupitia kwangu kama wangependa chai. Wakajibu hapana, wameshiba, asante sana. Basi akalirudisha birika jikoni, akaketi nao akitabasamu, mikono mapajani. Wakaondoka na kiu yao, wametembea saa mbili, na kabla hawajafika kwenye njia ya chini nilishawasikia wakisema Mzungu mnyimi huyu, ameiondoa chai mbele ya macho yetu. Jioni hiyo hiyo alinilalamikia kwamba watu wa hapa wanamwogopa, hawataki hata kunywa chai yake. Nilicheka hadi nikashika ukuta. Nikamweleza kwamba mgeni mwenye adabu hawezi kusema nina kiu, hata kama ulimi umegandamana na kaakaa; akiulizwa lazima akatae, na mwenyeji mwenye adabu hamuulizi kabisa. Afanyeje basi, akaniuliza. Nikamwambia kwa Kiswahili: usiulize, mimina. Akachukua daftari lake jipya, akaandika, akanisomea kwa kuhakikisha kila silabi. Tangu siku ile hakuuliza tena. Alimimina. Baada ya mwezi mmoja akina mama walikuwa wakipita kwake hata bila mtoto wa kupima, na yeye akiketi nao chini juu ya mkeka, akitafuna kahawa na kukunja uso kwa ukali wake, nao wakimcheka waziwazi kama wanavyocheka mwali.

Nami kwa upande wangu nilijifunza. Nilikuwa nimedhani anaponifungia mlango alasiri amekasirika. Kumbe kwao mtu hujifungia apumzike, na jioni anatoka akiwa yule yule. Nilidhani hapendi watu wafupi wa maneno wala warefu. Kumbe alipenda niongee, ila alitaka nimalize. Siku moja aliniambia juu ya mazishi ya mama yake. Alisimama kaburini bila chozi, kwa sababu kwao kulia kwa sauti mbele za watu ni kama kuwanyang'anya wafiwa wengine msiba wao na kujifanya wewe ndiye uliyefiwa zaidi. Mtu hulia, akasema, lakini hulia nyumbani. Alisema hayo akimenya viazi, kwa sauti ya kawaida, nami nikayaona ya ajabu nikayaweka moyoni. Natamani kuandika kwamba hivyo ndivyo watu wa mbali wanavyojuana, kidogo kidogo, kwa chai na viazi. Yaani tulikuwa tumefika mahali pazuri kabisa, na mahali hapo ndipo nilipotuangusha.

Jumapili moja alitembelewa na daktari wa kwao aliyekuwa anapita kuelekea Bukoba mjini. Walikula sebuleni, mimi nikiosha vyombo jikoni, mlango wazi. Walizungumza Kiingereza, kama wamesahau kwamba nipo. Yule bwana alikuwa na mke wa nchi nyingine na Kiingereza ndicho kilichokuwa cha wote. Bwana akasema wanawake wa huku hawasikii maumivu kama wanawake wa kwao. Alikuwa ameona kwa macho yake mmoja akizaa kimya, akasema, kimya kabisa kama mtu anayekoka moto, na baada ya saa mbili anatembea. Akasema ni miili yao, wameumbwa kwa kazi hiyo. Mke wake akacheka kidogo. Sista Inge akajibu kwamba na yeye amekiona kimya hicho na hakielewi. Labda ni mwili, labda ni jambo jingine, atauliza. Mikono yangu ilikuwa ndani ya maji ya moto na sikuyahisi. Nilikuwa nimemsikia mama yangu mwenyewe akizaa nyuma ya pazia, yaani sikumsikia, niliona tu shuka alilolitafuna, limetoboka matundu manne. Kwetu msichana anafundishwa mapema kwamba mwanamke hapigi kelele kwa uzazi. Akipiga, watu watauliza amelelewa na nani, na mtoto atakua akichekwa. Hilo nililijua kama ninavyojua jina langu, na nilipowasikia wanalisema jambo hilo kama watu wanaozungumza habari za ng'ombe, nilijaa hasira.

Wageni walipoondoka alikuja jikoni na daftari lake. Aliniuliza kwa upole, hilo sitalificha, alikuwa mpole: je, kuna mambo mengine kama lile la chai? Mambo ambayo watu husema hapana huku wakiwa na maana ya ndiyo, au husema hawajambo huku wakiwa wanaumwa? Kalamu ilikuwa tayari. Nami nikajisemea, leo nimwandikishe nini, kwamba mama zetu ni waongo? Ili amwambie bwana yule, nao wacheke tena mezani? Nikafuta mikono kwenye aproni nikamwambia hapana, Sista, ni chai tu. Akafunga daftari.

Koku alikuwa rafiki yangu wa tangu darasa la kwanza, mtu wa kucheka hadi anakaa chini, na mwaka ule alikuwa ameolewa upande wa Ijumbi na ana mimba ya kwanza. Mama mkwe wake, Ma Eustokia, alikuwa mwanamke mrefu, mkali, mwenye kibanja cha migomba kilichofagiliwa kama sebule. Nilikwenda kwao mara nyingi kumshawishi amruhusu Koku ajifungulie zahanati. Jikoni mwake tulikula ebitoke, ndizi za kupika, na maharage juu ya majani ya mgomba, moshi ukituuma macho, na wanawake wa jirani walisema yao juu ya wazungu: kwamba wanakupasua kabla hawajakusalimu, kwamba hawana machozi, wamezaliwa kwenye barafu. Nilicheka pamoja nao. Niliona raha kuwa mtu anayesikia pande zote mbili zikisengenyana, sebuleni kwa Kiingereza, jikoni kwa Kihaya, na kila upande ukiniamini. Sikupeleka neno la huku kule wala la kule huku. Nilidhani huo ndio ungwana, na pia nilidhani ni akili. Mwishowe Ma Eustokia alikubali, ila aliweka sharti moja, kwamba yeye mwenyewe awepo chumbani. Akaniambia, kama likitokea jambo, ni wewe umetuleta, Adventina.

Waliwasili asubuhi, umande bado majanini. Chumba cha wazazi kilikuwa na vitanda viwili vya chuma, ukuta umepakwa kijani mpaka kiunoni, dirisha lina pazia la kitenge ambalo Sista Inge alilishona mwenyewe. Alimpima Koku, akasikiliza tumboni kwa lile bomba lake la mti, akasema mtoto amekaa vizuri, moyo unapiga, bado saa nyingi. Kisha akanipa maneno nimfikishie Koku, na niliyafikisha yote bila kupunguza: maumivu yatakuja na kwenda, yakija na kwenda hakuna shida; lakini yakija yakabaki, yakakataa kuondoka, aseme mara moja, kwa sababu gari lipo nje na hospitali kubwa haiko mbali. Koku akaitikia kwa kichwa. Ma Eustokia akaitikia pia. Kila mtu alikuwa ameelewa kila neno, na kwa hiyo mtu anayesoma kumbukumbu hizi asije akasema ilikuwa shida ya lugha.

Siku hiyo tulitakiwa kwenda kupima watoto kijiji cha chini, karibu na ziwa, na mama zao walikuwa wanatungoja tangu alfajiri. Saa nne Sista alikuja mlangoni na mkoba wake. Mimi nilikuwa nimekaa na Koku kwa muda, kitambo cha kumenya ndizi za mlo mmoja, na katika muda huo wote maumivu hayakumwachia hata mara moja. Alikuwa amelala ubavu, uso ukutani, mkono mmoja ndani ya mkono wa mama mkwe wake. Mgongo wake haukutikisika. Lakini vidole vya miguu vilikuwa vimekishika kile chuma cha kitanda, vimejikunja juu yake kama vya kuku aliyelala mtini, na shingo nyuma ilikuwa inachuruzika jasho. Sista akasema, muulize maumivu yakoje. Kabla sijafungua mdomo Koku akajibu mwenyewe, kwa Kiswahili, kwa heshima ya mgeni.

"Sijambo, Sista. Nendeni tu kazini."

Sista Inge hakuondoka. Alinigeukia akaniuliza kwa Kiingereza, polepole.

"Wewe unamfahamu. Niende?"

Nimeishi na swali hilo zaidi ya miaka arobaini. Hakuniuliza nitafsiri. Aliniuliza mimi. Ningesema usiende, ningekuwa nimemfedhehesha rafiki yangu mbele ya mama mkwe wake, nimesema kwa sauti kwamba ameshindwa jambo ambalo kila mwanamke wa ukoo ule aliliweza. Na ningekuwa nimeungama kwamba siku ile jikoni nilidanganya. Nilimtazama Ma Eustokia, naye alikuwa ananitazama.

"Anasema hajambo," nikajibu.

Alisubiri kidogo, kama mtu aliyesikia mlango unagongwa akawa hana hakika, kisha akachukua mkoba.

Tulipima watoto mchana kutwa. Nakumbuka mizani iliyoning'inizwa kwenye tawi, na mama mmoja aliyetuletea samaki wa kuchoma kwa ajili ya njia. Mtu wa baiskeli aliyetumwa kutuita alipita njia ya mkato wakati sisi tunarudi kwa barabara ya gari. Saa kumi tulipoingia uani tuliwaona wanawake wameketi chini kando ya ukuta na hatukuhitaji kuambiwa. Koku alikuwa amekwenda saa nane, na mtoto ndani yake. Waswahili husema mficha maradhi kifo humuumbua. Msemo huo siwezi kuusikia bila kuondoka mahali nilipo, kwa sababu Koku hakuficha kitu. Alikuwa na adabu, akiamini kwamba mtu mmoja chumbani mle angejua adabu ile inasema nini, na mtu huyo nilikuwa mimi.

Sista Inge alimfunika, akanawa mikono hadi kwenye viwiko, akaandika kwenye kitabu cha zahanati. Aliniambia damu ilikuwa inajikusanya ndani, na kwamba maumivu ya namna ile hayana mfano, hayakati hata dakika moja. "Alisema hajambo," akasema. Nikasema ndiyo, Sista. Hakunilaumu. Nadhani alianza kuamini siku ile kwamba bwana yule wa Jumapili alisema kweli, na mimi nikamwacha aamini.

Mazishini alikuja amevaa gauni la kijivu. Ua la Ma Eustokia lilikuwa limejaa vilio, wanawake wanajitupa chini, wanamwita Koku kwa majina yake yote kama tunavyofanya, maana mfu asipoitwa kwa sauti ataenda akidhani hakupendwa. Yeye alisimama pembeni, mikono ameikutanisha mbele, uso mkavu. Alikwenda kumpa mkono Ma Eustokia na Ma Eustokia hakuuchukua. Nikasikia nyuma yangu: mnaona, hana hata chozi. Mwingine akasema mimi naogopa hata kumtazama, ai bojo, mtu gani huyu. Nilijua kwa nini amesimama vile. Nilikuwa nimeambiwa, juu ya maganda ya viazi. Ilikuwa kazi yangu, nililishwa na kulazwa kwa ajili hiyo, kugeuka niwaambie wanawake wale maneno mawili. Niliendelea kulia. Nilikuwa nalia kweli, na pia nilikuwa nalia ili nisiongee.

Tuliporudi Sista aliingia bafuni akafungulia bomba kwenye ndoo. Nilikuwa jikoni, ukuta mmoja kati yetu. Chini ya sauti ya maji nilimsikia analia, sauti nzito, ya kukwama na kuanza upya, sauti ambayo sikujua anayo. Alilia mpaka ndoo ikajaa, ikamwagika, maji yakapita chini ya mlango yakatambaa juu ya sakafu nyekundu hadi miguuni pangu. Nilichukua tambara nikapangusa, nikakamua, nikapangusa tena. Alipotoka alikuwa amenawa uso na kuchana nywele, akaona tambara mkononi mwangu, akaomba radhi kwa ajili ya maji.

Baada ya majuma matatu kijiji kiliita mkutano. Wanawake walikuwa wameacha kuja zahanati. Mwenyekiti alizungumza kwanza juu ya shamba la pamoja, kisha juu ya mabeberu, kisha akafika kwenye jambo lenyewe. Sista Inge alikuwa amepewa kiti peke yake upande wa kulia, na kwa kuwa wazee walikuwa wengi mazungumzo yaligeuka Kihaya, hata akawa anatazama midomo tu. Mwenyekiti hakuwa mtu mbaya. Alisema wafiwa wanataka kujua jambo moja, na wakilijua watatulia. Kisha akanigeukia.

"Ndugu Adventina, wewe unaishi naye nyumba moja. Huyu mama alisikitika?"

Ma Eustokia alikuwa mstari wa mbele, amejifunga kitambaa cha msiba. Nilikuwa nalo jibu, lilikuwa bado linanukia maji mikononi mwangu. Lakini niliona mara moja lilikokuwa linaelekea. Ningesema alilia, wangeuliza, kama ana huruma mbona alimwacha. Ningesema hakujua. Wangeuliza, nani alijua? Nikasimama, nikainamisha kichwa kama msichana aliyelelewa vizuri.

"Sijui," nikasema. "Wazungu ni vigumu kuwajua."

Watu wakacheka, wakaguna kwa kukubali, hata mwenyekiti akatabasamu, maana nilikuwa nimesema kitu ambacho wote walikuwa wanakijua tayari. Tukiwa njiani kurudi Sista Inge aliniuliza nimeulizwa nini. Nikamwambia wameuliza habari za dawa.

Misheni ilimwita arudi kwao kabla ya mwaka kwisha. Mkunga mwingine hakuletwa kwa muda mrefu, na wanawake walirudi kuzaa jikoni. Wengine walipona na wengine hawakupona. Nilihudhuria misiba yao nikilia kwa sauti na kuitwa mtu wa watu. Siku ya kuondoka Sista aliniachia birika la chai. Alinishika mabega, akasema kila anachokifahamu kuhusu watu wa hapa amekifahamu kutoka kwangu. Alisema kwa shukrani. Halafu akajaribu kutania, akasema usiulize, mimina, na sauti ikamkatikia katikati, akapanda gari haraka. Birika ninalo. Chai siinywi humo.

Wiki moja baada ya barua nilipanda basi hadi Muleba, kisha pikipiki mpaka Ijumbi. Ma Eustokia bado yu hai, hakuna anayejua miaka yake, macho yamekwisha lakini kichwa kizima. Alikuwa ameketi ndani juu ya nyasi zilizotandazwa sakafuni, akanitambua kwa mwendo. Kikapu cha kahawa kikawekwa mbele yangu na kitukuu chake kabla sijasema kitu. Nilitafuna. Kisha nikamsomea barua, naigeuza Kihaya, na safari hii sikuruka neno. Nilipomaliza nikaendelea na yasiyokuwa kwenye barua. Nikamweleza vidole vya Koku kwenye chuma cha kitanda. Nikamweleza nilivyoulizwa mlangoni, na nilivyojibu. Nilitegemea anifukuze, nadhani nilikuwa nimekwenda ili nifukuzwe. Alipapasa kidole chake cha pete.

"Alinibana mkono mpaka pete ikanikata," akasema. "Nilijua, mwanangu. Mimi ndiye niliyemwambia nyamaza, Mzungu anatazama."

Kuku aliingia, akatoka.

"Basi tuliojua tulikuwa wawili," akasema tena, "na tuliyemfukuza ni yule asiyejua." Kisha akaniuliza, kwa sauti ndogo kama anaogopa jibu: "Na yeye? Alilia?"

"Alilia, Ma. Bafuni. Maji yalifurika hadi jikoni."

Alivuta pumzi, akaweka mikono kichwani, akaanza kulia. Hakulia kizee. Alilia ule mlio wetu wa msiba, wa kusikika kibanja cha tatu, akamwita Inge, Inge wee, binti wa watu, umetuacha, na mimi nikajikuta nimepiga magoti kwenye zile nyasi naitikia. Majirani walisikia. Walikuja wanakimbia, wanawake watatu wenye majembe na kijana mmoja, udongo miguuni, wamefunga vitambaa haraka. Wakauliza mlangoni, nani ametutoka, bojo? Nikawaambia ni Sista Inge, mkunga Mzungu aliyekuwa zahanati zamani, amefia kwao.

Walitazamana. Mmoja wa wanawake, mtu mzima wa heshima, akashusha jembe begani, akacheka kidogo kwa kufarijika.

"Ai, mmetushtua," akasema. "Tulidhani ni mtu."

Wakamwambia bibi pole, wakageuka. Nilinyanyuka, magoti yakiniuma, nikasimama mlangoni nikawaambia kwamba alilia. Nikasema alilia peke yake, nilimsikia, nilikuwa jikoni, mimi ndiye niliyesema sijui. Nilisema kwa sauti, kwa Kihaya, kisha kwa Kiswahili. Walikuwa wameshaingia kwenye migomba, na nadhani walikuwa wanazungumza habari za mvua.